Maganda Manne ya Kauri

Namshukuru Mola aliyekijenga kinywa cha mja wake kama mlango wa nyumba: midomo akaifanya pazia, meno akayafanya komeo, na ulimi akauweka ndani ili ulindwe, na watu walindwe nao. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetuusia usafi wa meno kabla ya kusimama kwenye sala. Na baada ya shukrani hizo, haya ndiyo niliyokusudia kuyaandika.

Watu wa habari hii ni wanne, nami nitawataja kwa daraja walizonazo moyoni mwangu. Wa kwanza ni mke wangu, mshonaji, ambaye tangu mtoto wetu ahitimu masomo yake kila mtu humwita Mama Daktari, hata wale wasiomjua huyo daktari mwenyewe. Wa pili ni binti yetu, daktari wa meno, msichana asiyepandisha sauti na asiyeshuka kwenye neno lake. Wa tatu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu kwa tumbo moja, mshirika wake katika ushonaji na mshirika wangu katika utani; Mungu amempa ulimi usiohitaji kunolewa. Wa nne, na wa mwisho kama adabu inavyotaka, ni mimi, fundi wa kutengeneza meno, ambaye kwa miaka arobaini na mmoja nimechonga meno ya vinywa vingi kuliko majina ninayoyakumbuka.

Chumba changu cha kazi na chumba cha matibabu cha binti yangu vinapakana, na katikati ya ukuta tumetoboa kidirisha. Yeye hunipitishia vielelezo vya jasi vilivyomwagwa kutoka kwenye alama za vinywa vya wagonjwa, nami humrudishia meno. Duka la ushonaji liko mtaa huohuo, mlango wa tatu kutoka kwetu. Madirisha yakiwa wazi nazisikia cherehani zao zikienda kama mvua juu ya bati, na juu ya mvua hiyo, kwa miaka mingi, nilikuwa nikisikia kicheko cha mke wangu.

Kicheko hicho kinastahili kuelezwa, maana ndicho kiini cha habari. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilianza kifuani, kikapanda, kikafungua mdomo wote, na mtu aliyekuwa akipita njia aligeuka akitabasamu bila kujua anachekea nini. Wateja walijua duka limefunguliwa kwa kukisikia. Nami nilijua kwamba siku inakwenda vizuri.

Lakini mke wangu alikuwa na tabia moja ya wana wa kazi yake. Mkasi wake daima ulikuwa umefunikwa na kitambaa, na meno yake daima yalikuwa karibu. Kwa miaka arobaini alikata uzi kwa jino la mbele la kulia, mpaka jino hilo likapata pengo dogo ukingoni, kama tundu la sindano lililopasuka. Nililiona pengo hilo kila siku, nami ni fundi wa meno. Kinyozi hajinyoi, wala, naona, mke wa kinyozi hanyolewi. Kila nilipomwambia, alinijibu, "Baba Daktari, wewe maliza meno ya watu. Haya yangu yanafanya kazi."

Siku moja alikuwa akishona kifungo cha koti zito, uzi ukiwa wa nailoni, akaukata kama alivyozoea. Jino lililo jirani, la kushoto, likameguka pembe. Hakuumia. Alitema kipande kwenye kiganja, akakitazama, akakitia kwenye kopo la vifungo, akaendelea kushona. Tangu siku hiyo kiganja chake kikawa mlinzi wa kinywa chake. Likija jambo la kuchekesha, mkono hutangulia. Na kicheko kinachopita kati ya vidole si kicheko, ni kikohozi. Miezi mitatu ikapita mvua ya cherehani ikinyesha peke yake.

Shemeji yangu ndiye aliyevunja ukimya. Alikuja mlangoni kwangu na tepu ya kupimia shingoni. "Shemeji," akasema, "una meno ya watu yamejaa kwenye kabati kama vifungo dukani kwetu, na dada yangu anacheka kama mtu aliyekabwa. Huoni aibu?"

"Hataki kuguswa," nikasema.

"Hataki kuguswa na wewe. Mwambie bintiye."

Nilifanya alivyoniagiza. Binti yetu alimkalisha mama yake kwenye kiti cha matibabu, akayatazama meno manne ya mbele ya juu, akaona kwamba hata yale mawili ya pembeni yalikuwa yamekonda kingo. Dawa yake, akasema, ni kile ambacho watu wa mjini wanakiita vinia: ganda jembamba linalogandishwa juu ya uso wa jino, kama ukucha ulivyokaa juu ya kidole. Manne yangetosha.

"Njia za kulitengeneza zipo nne," akasema. "Sikiliza zote, Mama, ndipo uchague."

"Mimi sichagui kitu kwa kusikia," mke wangu akajibu nyuma ya kiganja. "Kitambaa hushikwa. Weka mezani."

Basi binti akapanga vipande vinne kwenye trei ya chuma, nami nikasimama kidirishani nikisikiliza, maana kimoja kati ya vipande hivyo kilikuwa cha mkono wangu.

"Hii ya kwanza ni risini, aina ya plastiki. Naipaka, naikausha kwa taa, na leoleo unarudi dukani. Jino silikati. Lakini inakunywa rangi ya chai, na kingo zake humeguka. Baada ya miaka michache tunaanza upya."

Mke wangu akaisugua kwa kidole gumba. "Sare ya shule," akasema. "Bei nafuu, inakubali kiraka, na rangi yake haifiki mwisho wa mwaka. Inayofuata."

"Hii ni zirkonia, kauri ngumu kuliko zote. Ukiitupa ukutani, ukuta ndio utakaoumia."

"Turubai."

"Ndiyo, turubai. Kwa jino la nyuma, la kutafunia, naipenda sana. Ila asidi haiwezi kuikwaruza ili gundi ipate pa kushika. Ganda jembamba la namna hii la mbele naogopa litabanduka. Na mwanga haupiti vizuri ndani yake."

"Mtu hafungi turubai kwenye dirisha la sebuleni. Na hii?"

Hapo nikashindwa kujizuia, nikatia kichwa kidirishani. "Hiyo ni kauri ya unga," nikasema. "Unga unalowekwa maji, ninaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake, kisha tanuri. Jino likitoka hapo, hata jirani yake kinywani hajui kama ni mgeni."

Mke wangu alikiinua kipande changu kwenye mwanga, na nilimwona akikipenda. "Hariri," akasema taratibu.

"Ni hariri kweli," binti akakubali, "na hakuna anayeifuma kama Baba. Lakini hariri haivaliwi shambani. Ikigongwa pembeni inapasuka. Hii ya nne ni kauri ya kioo. Baba anachonga umbo zima kwa nta, anaifukia kwenye kalibu, nta inayeyuka na kutoka, halafu donge la kauri linashindiliwa kwa moto mpaka lijaze nafasi ile. Linatoka kipande kimoja. Nguvu yake ni kama mara tatu ya ile ya unga, mwanga unapita, na asidi inaikwaruza, kwa hiyo gundi inashika."

Mke wangu akazishika zote mbili, moja kila mkono. "Hii imepakwa," akasema, "na hii imefumwa."

"Hiyo iliyofumwa haina roho," nikasema. "Rangi yake inapakwa juu kama ukuta."

"Kauri yako imedumu miaka ishirini kwenye vinywa, Baba, nami nimeiona," binti akasema kwa upole uleule. "Vinywa vya watu wanaokula na kuzungumza. Si vinywa vilivyofanya kazi ya mkasi."

Nikakiondoa kichwa changu kidirishani. Si kwa sababu nilikubali. Fundi mzee akikosa jibu husingizia busara.

Mke wangu aliweka vipande chini. Jambo lililomtia hofu halikuwa hilo. "Na jino lenyewe mtalifanya nini?"

"Kwa kauri, nalipunguza usoni kwa unene wa ukucha tu," binti akasema. "Sitoki nje ya ganda gumu la juu. Hutasikia maumivu."

"Ukucha ukikatwa unaota. Jino nalo?"

"Jino halioti tena, Mama. Ndiyo maana sikati kitu kabla hatujajaribu. Baba atachonga umbo kwa nta kwenye jasi, mimi nitalinakili kwa risini juu ya meno yako kama yalivyo. Utayavaa wiki mbili. Utakula nayo, utasema nayo, utashona nayo. Yakidumu wiki mbili kwenye kazi yako, tunajua umbo ni sahihi. Yakivunjika, hakuna kilichopotea."

"Na uzi nitakata kwa nini?"

"Kwa mkasi," tukajibu sote wawili, yeye chumbani na mimi kidirishani.

Nilichonga nta ile kwa siku tatu. Nataka nieleze nilivyoichonga, kwani hapo ndipo nilipokosea. Mezani kwangu kuna picha yetu ya harusi. Bibi harusi aliyemo ndani yake anacheka, maana mpigapicha alikuwa amejikwaa kwenye mguu wa kiti chake mwenyewe, na meno manne ya mbele ya bibi harusi yanaonekana yote, marefu kidogo, yenye kingo zilizonyooka. Niliirekebisha nta kwa kuitazama picha ile. Nikarefusha ukingo kwa milimita moja, nikazitia pembe ncha kama zilivyokuwa. Nikaifunga jasi ya juu na ya chini kwenye bawaba yangu ya chuma inayoiga taya, nikaifungua na kuifunga mara nyingi, na kila mara meno yalikutana vizuri. Nafsi yangu ikaridhika.

Binti aliponakili umbo lile kinywani kwa mama yake na kumpa kioo, mke wangu alijitazama muda mrefu. Mkono wake ulipanda kufunika, ukafika kidevuni, ukasimama, ukashuka. "Huyu namjua," akasema. "Tulipotezana." Shemeji yangu alimfungia mkasi kwa utepe mwekundu, akamvisha shingoni kama nishani, akaapa mbele yetu kwamba atamlinda mchana kutwa.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, mke wangu aliingia kwa binti yetu na kiganja mdomoni. Pembe ya jino la majaribio la upande wa kushoto ilikuwa imekatika.

"Umekata uzi, Mama," binti akasema, bila kulaumu.

"Sijakata uzi."

Nilikuja upande wao. "Mazoea yana taabu," nikasema. "Huenda ulikata bila kujua. Mkono unaweza kusahau, na jino likafanya lililozoea."

Mke wangu aliniangalia. "Miaka thelathini na nane, Baba Daktari. Nimekudanganya mara ngapi?"

Nami nikaongeza neno baya zaidi: "Sisemi umedanganya. Nasema hukujua."

"Ninajua kinywa changu kiko wapi." Akasimama, akajipangusa sketi kama mtu anayeondoa nyuzi. "Basi, wapenzi wangu. Mmenipenda, mmejaribu, Mungu awalipe. Ondoeni hii iliyobaki. Nitabaki na meno niliyonayo, yamekula chumvi nyingi, nami nimekula nayo. Wala sitaki jino langu linyolewe na watu wasioniamini." Binti akamwomba angalau isiondolewe siku hiyo, mama yake akakubali kwa shingo upande, akarudi dukani.

Binti yangu alifunga mlango taratibu. "Baba," akasema, "Mama akisema hakukata, mimi naanza kuogopa. Kama si uzi, ni nini? Ningeweza kuweka kauri kwenye umbo hilohilo ikavunjika vilevile."

Maneno yale yalinikaa. Baada ya sala ya adhuhuri nikatafuta hila. Nikalitoa koti langu la kazi, nikakata kifungo kimoja kwa kisu kidogo cha kuchongea nta, nikaenda dukani kwa mshonaji kama mteja wa kawaida. Nia yangu, na Mungu anaijua, ilikuwa kumkamata mke wangu akikata uzi.

Shemeji yangu alilipokea koti, akautazama uzi uliobaki, akampelekea dada yake. Mke wangu akautazama pia. "Uzi ukichakaa hunyauka ncha," akasema. "Huu umekatwa kwa kisu. Kaa pale kwenye benchi, mpelelezi. Nikimaliza kwapa hili la koti nitakushonea."

"Mletee mto akae vizuri," shemeji akaongeza. "Mashahidi wa uongo wanaumwa mgongo."

Nikakaa. Nitaungama kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kukaa katika duka lile zaidi ya muda wa kusalimia na kuondoka. Nilimjua mke wangu mezani, nilimjua safarini, nilimjua kwenye ugonjwa na kwenye furaha, kazini sikumjua. Sasa nikamwona. Alikuwa akiunganisha mkono wa koti kwenye kwapa, mshono unaozunguka kama mwezi mchanga, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani kwa mwendo wa polepole. Utepe mwekundu ulikuwa shingoni, mkasi ukining'inia. Alipomaliza mshono mmoja aliushika mkasi, akakata. Akashona wa pili, akakata kwa mkasi. Nilianza kuona haya.

Ndipo nikaona taya lake. Mshono uliponyooka, taya lilitulia. Mshono ulipoanza kupinda, taya lilisogea kushoto pamoja nao, kama mtoto anayefuata mstari kwa ulimi anapojifunza kuandika. Kadiri kwapa lilivyopinda ndivyo taya lilivyokwenda, meno ya chini yakiyakwaruza ya juu, mpaka mshono ulipogeuka na taya likarudi kati. Nilihesabu. Katika kwapa moja lilikwenda na kurudi mara nne. Na pale lilipofika mwisho wa safari yake, meno ya chini yaligonga mahali pamoja tu: pembe ya kushoto. Pembe niliyoitia ncha mimi.

"Mama Daktari," nikasema, "unajua kwamba unashona kwa taya?"

Cherehani ikasimama. "Nashona kwa nini?"

"Dada hushona hivyo tangu utotoni," shemeji akasema, akitia uzi kwenye sindano yake. "Mama yetu alikuwa akimwambia, ukifunga taya hilo utaharibu mshono. Kwani hukuwahi kumwona, shemeji? Umeoa lini?"

Nilimwomba mke wangu tufuatane, naye akaja, zaidi kwa udadisi kuliko kwa msamaha. Binti yetu akaweka kati ya meno yake karatasi ile nyembamba ya rangi ya buluu, inayoacha alama mahali meno yanapogusana. "Uma," akasema, na alama zikatoka sawasawa, kama kwenye bawaba yangu. "Sasa shona kwapa." Mke wangu akafumba macho, mikono yake ikashika nguo isiyokuwepo, taya likaenda kushoto. Ilipotolewa karatasi, kisiki cha ile pembe iliyokatika kilikuwa buluu tupu. Na upande wa kulia, anapokatia uzi, jino la majaribio lilikuwa safi na zima, bila hata mkwaruzo. Ushahidi ule ulikuwapo tangu asubuhi. Hatukuutazama, maana tulikuwa tumeshahukumu.

Nilikaa kwenye kigoda cha daktari, nikawaeleza juu ya picha. Nikasema kwamba bawaba yangu inajua kufungua na kufunga tu, haijui kupinda kwapa. Nikasema kwamba meno yake hayakufupika yote kwa kuharibika. Mengine yalijinyoa yenyewe kwa miaka ili yapishane na taya lake kwa amani, nami nikayarudisha kwenye ugomvi. Na kwa kuwa maneno ya kawaida yalinipungukia, nikamsomea ubeti niliouunga njiani kutoka dukani:

Nilimchonga wa jana, wa leo nikamuacha,
Mizani nikaikana, nikaifuata picha,
Kosa langu nimeona, wala sitaki kuficha,
Nisamehe muungwana, tucheke hadi kukicha.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayekagua pindo. "Ubeti umenyooka," akasema. "Sasa nenda kapunguze nta."

Nikaenda kupunguza nta. Milimita ile moja niliiondoa yote ila kivuli chake. Pembe ya kushoto niliiviringisha, ya kulia nikaiacha na umbo lake, na jino lililokuwa na pengo la uzi nikalijaza bila kulinyoosha kupita kiasi. Hayakuwa tena meno ya bibi harusi. Yalikuwa ya mwanamke wa miaka sitini anayeijua kazi yake, na kusema kweli yalimfaa zaidi. Binti akayanakili tena kwa risini. Wiki mbili zikapita, kisha ya tatu kwa nia njema, na katika muda huo mke wangu alishona makoti kumi na moja, yaani makwapa ishirini na mawili. Hakikumeguka kitu.

Ilipofika siku ya kuamua, trei ilirudi mezani na vipande viwili tu juu yake. Binti alinitazama mimi, siyo mama yake. Alijua mizani iko wapi.

Nilikichukua kipande changu cha kauri ya unga, nikakirudisha kabatini kwa mkono wangu. "Cha kioo," nikasema. "Taya linalotembea lahitaji kitu kilichofumwa. Rangi nitaipaka juu, kama ukuta, lakini ukuta huo utapakwa na mimi."

"Nani kasema haina roho?" mke wangu akauliza.

"Mtu mmoja aliyekuwa akitazama picha."

Basi kazi ikafanyika kwa utaratibu wake. Binti alipunguza uso wa meno kwa ukucha mmoja, bila kutoka kwenye ganda gumu, akaupunguza ukingo kidogo ili kauri ikumbatie ncha ya jino badala ya kusimama juu yake. Mimi nikachonga nta kwa kuifuata ile iliyoshinda mtihani, nikaifukia kwenye kalibu, nikaishindilia kauri katika moto, nikavunja kalibu, nikayatoa maganda manne yenye rangi ya maziwa, membamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole nyuma yake. Rangi nilizipaka kwa brashi yenye nywele tatu: njano kidogo karibu na ufizi, buluu ya moshi kwenye ncha, na kwenye jino la kulia mstari mmoja mweupe ambao mke wangu amekuwa nao tangu utotoni. Hiyo ndiyo sehemu niliyojiruhusu.

Siku ya kuyagandisha, binti alitandaza mpira mwembamba kuzuia mate, maana gundi haipatani na unyevu. Akayakwaruza maganda kwa asidi upande wa ndani, na meno kwa asidi nyepesi upande wa nje, akapaka gundi, akaweka la kwanza, akafuta iliyozidi, akawasha taa. La pili. La tatu. La nne. Mimi nilikuwa kidirishani, nikiyahesabu. Mwisho akaleta ile karatasi ya buluu, akamwambia mama yake ashone kwapa, akatoa karatasi, akatazama. Alama zilikuwa nyepesi, zimetawanyika, hakuna pembe iliyobeba mzigo wa wenzake.

"Mkasi, Mama," akasema. "Maisha yote."

"Nimesikia, Daktari."

Nilitarajia acheke siku hiyo. Hakucheka. Alitabasamu, akatushukuru, na mkono wake bado ulipanda nusu ya njia kabla ya kukumbuka. Meno yalikuwa yamepona. Mkono ulikuwa bado. Sikumhimiza. Kicheko cha kuombwa ni kama sala ya kusukumwa.

Zikapita siku kumi. Asubuhi moja nilikuwa nikimimina jasi, na binti yangu upande wa pili alikuwa akimhudumia mgonjwa. Dukani kwa akina mama alikuwa ameingia hakimu mstaafu, mtu mrefu asiyejua utani, aliyefuata koti lake jipya. Haya nilisimuliwa baadaye na shemeji yangu, naye alikuwa na sababu ya kuyakumbuka, kwa kuwa mkono wa kushoto wa koti lile alikuwa ameushona yeye, na mwisho wa mkono alikuwa ameuziba, bila kukusudia, kwa mshono mzuri ulionyooka kabisa. Hakimu akavaa mkono wa kulia. Akatia wa kushoto. Akasukuma, kiganja kikagoma kutoka. Akasukuma tena. Kisha akautazama mkono wake ndani ya koti, akageuka kwa mke wangu, akatamka kwa sauti ya mahakamani:

"Mkono huu umefungwa bila kusikilizwa."

Mimi sikuyasikia maneno hayo. Nilichokisikia kilipita milango mitatu. Kilianza kifuani, kikapanda, kikafunguka chote, na hakuna kidole kilichokizuia njiani. Kikapita juu ya mvua ya cherehani, kikaingia dirishani kwangu. Mkono wangu uliokuwa ukimimina jasi ukasimama, na jasi ikaganda kwenye bakuli. Upande wa pili wa ukuta, taa ya binti yangu ilizimwa, na nikamsikia akimwambia mgonjwa wake, "Samahani, nipe dakika moja." Akaja kidirishani. Tulisikiliza mpaka kikaisha, kikaanza tena, maana hakimu, nasikia, alikata rufaa.

Miaka minne imepita tangu hapo. Maganda yote manne yako mahali pake. Kila baada ya miezi sita binti huyakagua kwa karatasi ya buluu, nami naendelea kusimama kidirishani, ingawa macho yangu sasa hayatofautishi vizuri buluu na kijani na kazi ya rangi nimeanza kumwachia fundi mwingine.

Namwomba Mola aliyetupa vinywa avijaze maneno mema na riziki ya halali. Waliotutangulia katika kazi hizi mbili, ya uzi na ya jino, awalaze pema. Na wale watakaobaki nyuma yetu, mke wangu akibaki au mimi, binti yetu na watoto atakaojaaliwa, shemeji yangu na ulimi wake, na kila asomaye haya, Mungu awahifadhi, awape mikono yenye subira, macho yenye kuona kilichopo, na awadumishie nyumbani sauti za wanaowapenda. Amina.